Mgeni na Daftari
Hotuba iliyosomwa na Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya imani ya Kikristo na jinsi ipasavyo kupokea watu. Sisi si wachungaji. Kazi yetu ni kalamu na daftari. Lakini kwa kuwa daftari nalo laweza kufungua mlango au kuufunga, twaomba ruhusa yenu tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Katika mwaka uliopita, jioni ya Jumamosi moja, alikuja mama mmoja mezani petu. Mtoto wake alikuwa amefariki, naye aliomba msaada wa maziko. Tulimwuliza jina, tukalitafuta katika orodha, wala hatukuliona. Tukamwambia kwa adabu, "Mama, wewe si mwanachama. Ungoje mpaka Halmashauri ikutane siku ya Jumatano." Hakutujibu neno. Alijifunga leso yake akaenda zake. Kesho yake, baada ya ibada, akina mama wa kanisa walitandaza kanga mlangoni, kila mtu akaweka alichokuwa nacho, na mtoto yule akazikwa kabla ya jua kuchwa. Hesabu zetu za mwezi ule zilikuwa safi, wala mkaguzi hakutulaumu. Dhamiri zetu ndizo zilizotulaumu.

Ndipo tulipozikumbuka habari za Rabai, ambazo wengi wenu mwazijua kuliko sisi. Mhubiri Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na katika mwaka huo huo akamzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka wa 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakawaendea wazee wa Rabai kuomba mahali pa kukaa. Wazee wale hawakuwa Wakristo, na maneno ya wageni wale yalikuwa mapya masikioni mwao. Hata hivyo waliwapa mahali. Basi, katika habari za kanisa la nchi yetu, wa kwanza kukaribishwa walikuwa wahubiri wenyewe, na waliowakaribisha walikuwa wazee kama ninyi. Na mtu wa kwanza ambaye Krapf alimbatiza hakuwa tajiri wala mkubwa wa mji. Alikuwa Mringe, maskini aliye kilema, tena karibu na kufa. Kanisa lililoanza namna hiyo halina haki ya kumwuliza mtu nguo alizovaa.

Baadaye alikuja Rabai mtu aitwaye William Jones. Huyu alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Alitekwa utotoni akafanywa mtumwa, kisha akakombolewa na kulelewa na misheni huko Bara Hindi. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alimwekea mikono pamoja na mwenzake Ishmael Semler, wakawa mashemasi. Siku zile watumwa wengi walikuwa wakitoroka katika mashamba ya pwani na kukimbilia misheni. Wakubwa wa misheni walikuwa wameahidi kwamba watoro hawatapokelewa, maana waliogopa vita na wenye mashamba. Na hofu yao haikuwa ya bure, kwa kuwa zaidi ya mara moja mabwana walitisha kuja na silaha. Lakini watoro walizidi kuja. Nao chini ya ulezi wa Jones walijenga vibanda, wakalima, wakaketi kanisani pamoja na wengine. Mtu aliyepata kuwa mtumwa angewezaje kumrudisha mtumwa mwenziwe kwenye minyororo?

Mwaka wa 1888 jambo hili lilifika ukingoni. Wenye mashamba walikasirika, na ilionekana kwamba damu itamwagika. Ndipo George Mackenzie, wakili wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipopatana nao kwamba watalipwa fidia. Fedha zilitoka kwa Kampuni, kwa serikali ya Uingereza, na kwa marafiki wa misheni. Mwanzoni mwa mwaka wa 1889 watoro zaidi ya 1,400, wa Rabai na wa vituo vya jirani, wakapewa vyeti vya uhuru.

Ndugu zetu, sisi makarani twapenda kulifikiri jambo la vyeti vile. Kila cheti kilimtaka mtu aketi mezani, aulize jina, aliandike. Kalamu ni ile ile na karatasi ni ile ile, lakini siku ile jina liliandikwa ili mtu aingie, si ili azuiwe.

Tena twajifunza neno la pili, nalo ni zito zaidi. Ukarimu una gharama, na gharama hiyo yampasa mtu mwingine kuilipa. Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, mtumwa aliyemwacha bwana wake, hakumwomba tu ampokee kama ndugu. Alisema pia kwamba, kama kuna deni, na lihesabiwe juu yake yeye Paulo. Hiyo ndiyo neema. Kumwambia mgeni "karibu" na kuliacha deni mabegani mwake ni kumkaribisha kwa midomo tu.

Twajua neno ambalo baadhi ya wazee watalisema, nalo ni neno la haki: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chama chetu kimesimama kwa ada za watu wenye jasho, wala hakiwezi kuwa shimo lisilojaa. Tunakubali. Watoro wa Rabai nao walishika jembe, wakala mazao ya mikono yao. Lakini angalieni, wazee wetu, kwamba methali haisemi apewe jembe mlangoni kabla hajaingia. Siku mbili za kwanza ni zake. Na mama aliyefiwa na mtoto, siku ile ni siku yake ya kwanza, hata kama amekaa katika mtaa wetu mwaka mzima.

Kwa hiyo twaleta ombi moja mbele ya Mkutano huu. Katika kila shilingi ishirini za ada, shilingi moja iwekwe kando, iitwe Mfuko wa Mgeni. Mtu akifiwa katika mtaa wetu, awe mwanachama au asiwe, awe wa kabila gani au dini gani, Katibu awe na idhini ya kumsaidia maziko siku ile ile, kisha atoe hesabu mbele ya Halmashauri. Baada ya matanga, na aalikwe kujiunga nasi, ndipo apewe jembe.

Mkilikataa ombi hili, tutaitii amri yenu. Mkilikubali, tutafungua ukurasa mpya katika daftari, na jina la kwanza tutakaloliandika ni la mama yule, ikiwa tutampata. Tumeulizia habari zake mara mbili, na mpaka sasa hatujaambiwa alikohamia.