Nusu ya Ufadhili ni Deni Zima



Kila mwaka matokeo ya mitihani yatokapo, vijana wengi wenye alama nzuri huelekeza macho yao Marekani. Hutafuta kile kiitwacho ufadhili kamili, yaani masomo ya chuo kikuu kwa miaka 4 pasipo mzazi kutoa senti. Haja hiyo si ya kulaumiwa, kwani elimu hutafutwa popote ilipo. Lakini katika kuitafuta, ziko jamaa zilizouza ng'ombe na mashamba, na wako vijana waliojikuta katikati ya masomo hawana ada ya muhula unaofuata wala nauli ya kurudia nyumbani. Chanzo cha maafa hayo aghalabu si upungufu wa akili wala wa bidii. Chanzo ni kutoyapima maneno mawili: "ufadhili" na "kamili". Mazungumzo haya yanakusudia kuyapima.

Jambo lenyewe si geni katika Afrika Mashariki. Mwezi Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda New York. Kazi hiyo iliongozwa na Tom Mboya, akishirikiana na wenzake kama Dk. Julius Kiano pamoja na marafiki wa Kimarekani. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari iliyofuata, na hadi 1963 wanafunzi wapatao 800 walikuwa wamesafirishwa. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliokwenda 1960. Alisoma biolojia katika chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu 1964, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kana kwamba ndege ndiyo iliyosomesha. Sivyo. Ndege ilikuwa nauli tu. Ada ilikuwa jambo la pili, na chakula, malazi, vitabu na koti la baridi yalikuwa jambo la tatu. Wako waliopata la kwanza na la pili, lakini la tatu likawatesa, wakawa wanaosha vyombo mahotelini ili waishi. Somo lililopatikana miaka ile halijabadilika hata leo: msaada wa masomo huhesabiwa fungu kwa fungu, wala haupimwi kwa ukubwa wa jina lake.

Sasa fedha hizo hutoka wapi? Wengi hudhani hutoka kwa Serikali ya Marekani. Ukweli ni kwamba misaada na mikopo ya serikali hiyo kwa wanafunzi wa vyuo ni ya raia wake na wakazi wa kudumu. Kijana wa Morogoro au wa Kisumu anayekwenda kuanza shahada ya kwanza hana fungu humo. Fedha atakazopata, kwa sehemu kubwa, ni za chuo chenyewe, zitokanazo na akiba ambayo chuo kimejiwekea kwa miaka mingi.

Vyuo navyo hugawa fedha hizo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni tuzo ya sifa, ambayo hutolewa kwa alama, kipaji au michezo. Njia ya pili ni msaada kwa kadiri ya uhitaji, ambao hutolewa baada ya kupima mapato ya wazazi. Hapa ndipo wengi hupotea. Vyuo vyenye fedha nyingi kuliko vyote, kama Harvard, Yale, Princeton na MIT, havitoi kabisa tuzo ya sifa. Anayetafuta orodha ya "tuzo za Harvard" anatafuta kitu kisichokuwapo. Huko aliyechaguliwa hupewa kadiri anavyohitaji, na mtoto wa mkulima mdogo huweza kulipiwa karibu kila kitu.

Hata hivyo, vyuo vinavyoahidi kutimiza uhitaji wote navyo si vya namna moja. Vichache havitazami uwezo wa mgeni vinapomchagua. Miongoni mwake ni hivyo vinne vilivyotajwa, pamoja na Amherst, na mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin vilijiunga na safu hiyo. Vingine vingi hutimiza uhitaji wa yule waliyemchagua, lakini kabla ya kumchagua huuliza kwanza kama mfuko wa mwaka huo unamtosha. Mwombaji mwenye uhitaji mkubwa na ajue kwamba huko mlango ni mwembamba zaidi. Wala milango ya vile vya kwanza si mipana: Harvard hupokea chini ya watu 5 katika kila waombaji 100.

Viko pia vyuo vyenye desturi zake. Chuo cha Berea katika jimbo la Kentucky, kilichoasisiwa 1855 na wapinga utumwa, hakimtozi mwanafunzi wake yeyote ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni sambamba na masomo yake. Wageni wanaopokelewa huko kila mwaka ni wachache, lakini mfano huo unaonyesha kwamba jina kubwa si kipimo cha msaada mkubwa.

Ndugu wazazi, hesabu ifuatayo na ifanywe mezani kabla ya barua yoyote kushangiliwa. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo vingi vya watu binafsi sasa hupita dola 80,000, zikijumlishwa ada, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya. Kijana akiletewa barua nzuri yenye mhuri, inayompongeza kwa kushinda tuzo ya dola 40,000 kwa mwaka, kijiji kizima hucheza ngoma. Lakini dola 40,000 zilizobaki ni za nani? Kwa miaka 4 ni dola 160,000, na hapo nauli haijahesabiwa, wala kupanda kwa bei kila mwaka. Kwa tajiri, barua hiyo ni nafuu. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, barua hiyo ni deni ambalo wajukuu wake hawatalimaliza. Nusu ya ufadhili, kwa asiye na nusu ya pili, ni deni zima.

Wako wasemao kwamba kijana atajaza pengo hilo kwa kufanya kazi. Sheria ya viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi chuoni kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya nje ya chuo huhitaji kibali maalumu. Ujira wa saa hizo huweza kununua vitabu na sabuni. Hauwezi kulipa ada. Anayevunja sheria hiyo ili alipe ada huhatarisha viza yake na masomo yake pamoja.

Linafuata jambo zito kuliko yote, nalo ni aibu. Katika fomu za maombi mna swali fupi: je, mwombaji atahitaji msaada wa fedha? Jamaa fulani huogopa kujibu ndiyo, wakidhani mtoto atakataliwa. Hujibu hapana, kwa matumaini kwamba akishachaguliwa chuo kitamwonea huruma. Katika vyuo vingi mgeni asiyeomba msaada mwanzoni haruhusiwi kuuomba baadaye. Basi kijana huchaguliwa, na furaha ya siku moja hugeuka msiba, maana nafasi anayo na njia ya kuifikia hana.

Vivyo hivyo katika fomu za mapato, kama ile iitwayo CSS Profile, mzazi huulizwa mshahara, nyumba, mifugo na akiba. Mkulima asiye na hati ya mshahara asibuni moja. Na aeleze kwa maneno ya kweli anavyovuna, anavyouza na wanaomtegemea, na apate barua ya serikali ya kijiji au ya mtaa kuthibitisha. Na mwenye duka asilifiche duka lake ili aonekane maskini, kwa sababu udanganyifu ukigunduliwa nafasi hufutwa, na jina la shule aliyotoka huharibika pamoja na lake. Umaskini uliosemwa kweli si aibu mbele ya fomu. Ndiyo hoja yenyewe.

Kalenda nayo ina mtego. Vyuo vingi vya namna hii hufunga maombi katika siku za mwanzo za Januari, na maombi ya mapema hufungwa mapema Novemba. Majibu ya kawaida hutoka kuelekea mwisho wa Machi. Mwanafunzi wa kidato cha sita wa Tanzania hufanya mtihani wake Mei na kupata matokeo Julai. Kwa hiyo hana budi kuchagua: ama aombe kabla ya mtihani, akitumia matokeo ya kidato cha nne na makadirio ya walimu wake, ama asubiri matokeo na kuomba kwa ajili ya mwaka unaofuata. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali ni kungoja Julai na kutarajia kusafiri Agosti.

Katika pengo hilo la kutojua ndimo walanguzi wa elimu hufanya biashara. Huahidi nafasi, hudai malipo ya mbele, na husema wana mtu wao ndani ya chuo. Na ifahamike wazi kwamba hakuna chuo cha heshima kinachouza msaada wake kupitia mtu wa kati. Mtandao wa EducationUSA, ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hutoa habari sahihi bila malipo, na una washauri Tanzania na Kenya. Vyuo vingi husamehe ada ya maombi mwalimu mkuu akithibitisha kwamba mwombaji hana uwezo. Nchini Kenya, mradi wa KenSAP ulianzishwa 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, mwanariadha aliyeshinda nishani ya shaba katika Olimpiki ya 1972. Mradi huo umewaandaa vijana hodari wa jamaa maskini kwa mitihani na fomu, wakaingia vyuo vikubwa bila kumlipa mlanguzi yeyote.

Hata aliyefaulu yote hayo bado ana mlango wa mwisho. Chuo humpelekea hati ya I-20, kisha yeye hulipa dola 350 za kuandikishwa na kuomba viza. Afisa wa ubalozi, kwa mujibu wa sheria, humhesabu kila mwombaji kuwa anataka kuhamia Marekani mpaka athibitishe vinginevyo. Tena, mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilitoa matangazo ya kuzuia viza za raia wa nchi kadhaa. Burundi ilikuwamo katika tangazo la Juni, na viza za wanafunzi ziliguswa. Kwa hiyo kila mwombaji na aulize ubalozini hali ilivyo kwa nchi yake kabla ya kutumia fedha.

Ndugu wanafunzi, anayeomba Marekani asiache kuomba chuo cha nyumbani, wala asipuuze mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa kutazama ng'ambo tu. Mvuvi mwenye busara hutupa nyavu mbili. Na barua ya Marekani ikija, isomwe taratibu mpaka mstari wa mwisho, mzazi na mtoto wakiwa pamoja na kalamu mkononi. Ikiwa kilichobaki kulipwa ni sifuri, au ni kiasi ambacho jamaa inakiweza kweli kwa miaka yote 4, kijana na aende kwa baraka zote. Ikiwa sivyo, kuikataa barua hiyo si kushindwa. Ni hesabu iliyofanywa vizuri, na kujua hesabu ni sehemu ya elimu.