Utunzaji wa Bamba la Kukaangia: Mazungumzo kwa Mama Lishe na Baba Lishe wa Kata ya Nduruma



Kwa mwenye banda la chapati, bamba la kukaangia ni mtaji. Likiharibika, mapato ya siku nyingi huishia katika kununua jingine.

Jina la chuma kisichoshika kutu limewapotosha wengi. Chuma hicho kimechanganywa na kromiamu, walau asilimia 10.5, nayo hutengeneza juu ya bamba utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hurudi wenyewe, mradi bamba ni safi na linapata hewa. Likiachwa na chumvi mbichi usiku kucha, utando hushindwa.

Usafi huanza bamba lingali na joto la wastani. Anayemwagia maji baridi bamba linalofuka moshi hulipinda, na bamba lililopinda halikai sawa jikoni tena: chapati huungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Ni heri kusubiri, kukwangua mabaki kwa mwiko bapa, kisha kumwaga maji ya vuguvugu yalainishe ukoko.

Hufuata sabuni na dodoki, kwa kusugua kufuata mistari ya bamba. Stili waya ndiyo adui aliyezoeleka. Vipande vyake hubaki juu ya bamba na kushika kutu, mwenye bamba akadhani limeoza lenyewe. Kibaya zaidi, unyuzi mmoja ukinasa kwenye chapati ya mtoto wa shule, huweza kumchoma kooni. Ukoko uliogoma huondolewa kwa jivu lililochekechwa na kukorogwa na maji hadi likawa kama uji mzito. Mchanga wa mtoni usitumike. Dawa yenye klorini ya kung'arisha nguo nyeupe nayo isiguse bamba, kwani hulichimba vishimo, na humo uchafu hujificha.

Maji ya ukanda huu wa Mlima Meru yana jambo lake. Yakikauka juu ya bamba huacha madoa meupe, ambayo siki au maji ya limau huyaondoa; kisha bamba lisuuzwe na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Inafaa kusemwa hapa, ingawa si habari ya bamba, kwamba siki haiondoi floraidi katika maji ya kunywa, na kuyachemsha hakuiondoi pia. Kuchemsha huua vijidudu tu. Chujio la mkaa wa mifupa, lililofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, ndilo huipunguza.

Bamba lililokauka hupakwa mafuta ya kupikia kidogo mno na kufunikwa lisifikiwe na vumbi wala mende. Wanaopaka mengi huyakuta asubuhi yamenata na kunuka, na kazi ya kusugua huanza upya kabla ya mteja wa kwanza kuketi.