KIHARUSI HAKISUBIRI FOLENI YA DIRISHA LA MALIPO
Mazungumzo na vijana wa mjini



Najua wengi wenu mkisikia kwamba leo mada ni afya mnadhani mtaletewa habari za kondomu na vyandarua. Leo hapana. Leo tunaongea kiharusi, maradhi ambayo vijiweni yanaitwa ya wazee, ya wenye vitambi, au ya mtu aliyetupiwa kitu na jirani. Nakuomba wewe unayenisikiliza, na wewe utakayesoma haya gazetini ukiwa umening'inia mlangoni mwa daladala, ufuate hesabu hizi mpaka mwisho. Ni hesabu za mtaani kwako.

Kwanza tuelewane. Kiharusi ni ubongo kukosa damu. Inatokea kwa njia mbili. Ama mshipa umezibwa na bonge la damu lililoganda, ama mshipa umepasuka na damu inamwagika ndani ya kichwa. Kwa nje wagonjwa hawa wawili wanafanana: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki. Kwa ndani wanataka tiba zinazopingana. Wa kwanza anahitaji bonge liyeyushwe. Wa pili ukimpa dawa hiyo ya kuyeyusha, umemmaliza. Hakuna daktari, hata awe bingwa wa namna gani, anayeweza kuwatofautisha kwa uhakika kwa kuwatazama usoni. Inatakiwa picha ya kichwa, yaani CT-Scan. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa hesabu. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, watafiti walihesabu kila kiharusi kilichotokea katika maeneo mawili ya nchi yetu: wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Hawakungoja wagonjwa waje hospitali. Walifuatilia majumbani, na kwa waliokufa kabla ya kuonekana na daktari waliwahoji ndugu. Walipata viharusi 636. Hai, penye watu karibu 160,000, vilikuwa 183. Dar, katika eneo lenye watu wasiozidi 57,000, vilikuwa 453. Mjini vijana ni wengi kuliko wazee, kwa hiyo wataalamu walisawazisha umri ili wasilinganishe mgomba na mbuyu. Jibu lilikuwa viharusi 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Karibu mara tatu! Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010, na dunia ya matabibu ilishtuka.

Watafiti hao hao wakawalinganisha wagonjwa na watu wazima wa rika lao. Mwaka 2013 wakatoa orodha ya washitakiwa: presha, sigara, virusi vya ukimwi, mafuta mabaya katika damu. Wewe unayesema haya ni ya babu yako, sikia na hili. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya kila watatu wa kiharusi alikuwa na umri wa miaka 45 au chini. Huyo si babu. Huyo ni kaka yako anayelisha nyumba tatu.

Kuna jambo jingine litakalowachoma wajanja wa mjini. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliouliza watu wa Hai na wa Dar: kiharusi kinaletwa na nini, na mgonjwa apelekwe wapi? Watu wa Hai, hao mnaowaita washamba, walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi, na wakasema mgonjwa aende hospitali. Watu wa Dar walitaja mashetani na uchawi, na kimbilio lao la kwanza lilikuwa mganga. Si hivyo tu. Iliaminika kwamba mtu aliyepigwa na shetani akichomwa sindano atadhurika zaidi, kwa hiyo hospitali ikakwepwa makusudi. Sisi wenye simu mbilimbili na lugha ya mtaani ndio tuliobeba wagonjwa kuwapeleka kwenye ubani!

Mtaniuliza, je, ukimwahi mgonjwa hospitali kuna la maana litakalofanyika, au atalazwa tu akisubiri siku yake? Hapo ndipo utafiti wa tiba unapoingia, na hapo ndipo siasa inapoingia.

Watafiti hawakubali neno la mtu kwamba dawa fulani inaponya. Wanachukua wagonjwa, wanapiga kura: huyu apewe dawa, yule asipewe. Ni kura halisi, msimamizi hachagui mjomba wake, wala masanduku hayapotei njiani. Baada ya siku 90 wanampima kila mmoja kwa ngazi ya kuanzia 0 hadi 6. Sifuri ni mzima kabisa. Mbili ana kasoro lakini anajihudumia mwenyewe. Tano ni wa kitandani, anageuzwa na kuoshwa. Sita ni marehemu. Kwa hiyo wanauliza mambo mawili: wangapi wamepona kifo, na wangapi wanaweza kuvaa shati bila kusaidiwa. Kwa mtu anayeishi kwa mikono yake, hilo la pili ni zito kama la kwanza.

Desemba 1995, miezi miwili baada ya uchaguzi wetu mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe, watafiti wa Marekani walitangaza jaribio la wagonjwa 624 waliozibwa mshipa. Waliopewa dawa ya kuyeyusha bonge ndani ya saa tatu walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu kidogo sana baada ya miezi mitatu. Lakini dawa hiyo ni kisu cha makali mawili: waliovuja damu kichwani na kuzidiwa walikuwa 6.4 kwa kila 100, dhidi ya 0.6 kwa wasioipata. Mwaka 2008 jaribio la Ulaya likaonyesha kuwa faida inafika saa nne na nusu. Baada ya hapo mlango wa dawa hiyo kwa wagonjwa walio wengi umefungwa. Ndiyo maana nasema kiharusi ni maradhi ya saa.

Wakubwa wakisikia haya wanapata kisingizio: dawa hiyo ni ghali, nchi yetu maskini, tuwaombee wagonjwa. Ndugu zangu, msikubali. Dawa hiyo ni ghali kweli, lakini kuna tafiti ambazo wakubwa hawapendi kuzitaja, kwa sababu zinawanyima kisingizio.

Huko New South Wales, Australia, wodi 19 za kiharusi zilipigiwa kura. Katika baadhi yake wauguzi walifundishwa mambo matatu tu: kupima homa na kuishusha, kupima sukari na kuirekebisha, na kuhakikisha mgonjwa anaweza kumeza kabla ya kupewa uji au maji, maana aliyelegea koo chakula humwingia mapafuni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi katika wodi zile walikuwa asilimia 42. Katika wodi nyingine walikuwa asilimia 58. Kwa kipimajoto, kipima sukari na muuguzi aliyefundishwa! Niambieni ni kipi kati ya hivyo vitatu ambacho nchi hii haiwezi kukipata.

Na aliyepasuka mshipa? Mwaka 2023 yalitoka majibu ya jaribio kubwa la wagonjwa 7,036 katika nchi kumi, tisa kati yake za kipato cha chini na cha kati, siyo Ulaya. Hospitali zilitakiwa kushusha presha ya mgonjwa upesi, zikilenga kufikia kiwango ndani ya saa moja tangu tiba ianze, na papo hapo kudhibiti sukari na homa, na kuzima nguvu ya dawa ya kuzuia kuganda kwa damu kama mgonjwa alikuwa akiitumia. Waliohudumiwa hivyo walikufa wachache na kulemaa wachache. Nchi maskini zimeweza.

Tena kuna hesabu ya wodi yenyewe. Majaribio 29 yenye wagonjwa zaidi ya 5,900 yalijumlishwa mwaka 2020. Kumlaza mgonjwa wa kiharusi mahali pamoja na wenzake, chini ya timu moja ya madaktari, wauguzi na watu wa viungo, badala ya kumtupa wodi ya mchanganyiko, kunaongeza kwa kila wagonjwa 100 watu wawili wanaobaki hai na sita wanaoweza kujitegemea. Hakuna dawa mpya hapo. Kuna mpangilio. Na mpangilio wa hospitali ya umma haushuki kutoka mbinguni. Unapangwa na watu tuliowapa ofisi, kwa fedha tulizowapa wenyewe.

Tuwape haki yao: fedha za mkopo wa Uviko wa mwaka 2021 zilinunua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Vizuri. Lakini mashine kuwapo ni jambo moja, na mgonjwa kupigwa picha saa nane za usiku Jumapili ni jambo jingine. Tangu mwaka 1993 serikali ilipoanzisha malipo hospitalini kwa jina tamu la kuchangia gharama, mlalahoi anajua maana ya kuambiwa "kalipie kwanza". Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Sheria ni karatasi. Mwaka 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nayo ilikuwa karatasi. Mshipa ulioziba hausomi karatasi. Kila dakika unayosaka noti za kulipia picha, chembe za ubongo karibu milioni mbili zinakufa.

Wala wasituambie kwamba mzigo uliobaki utabebwa na familia. India walijaribu hilo. Katika hospitali 14, wagonjwa 1,250, ndugu wa nusu yao walifundishwa mazoezi ya viungo ili wayaendeleze nyumbani. Baada ya miezi sita, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika makundi yote mawili. Matokeo hayo ya mwaka 2017 hayasemi mama aache kumsaidia mwanawe. Yanasema upendo wa mama hauwezi kuwa mbadala wa mtaalamu wa viungo ambaye serikali haijamwajiri.

Basi tudai nini? Tudai manne, na kila mmoja wenu ayakariri kama namba yake ya simu. Moja, kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na vitanda vya kiharusi vilivyo pamoja, na wauguzi waliofundishwa homa, sukari na kumeza. Mbili, picha kwanza, risiti baadaye, usiku na mchana. Tatu, zahanati ya kata isiwe na siku ya kukosa kipimo cha presha wala vidonge vyake. Nne, waajiriwe watu wa viungo. Mgombea akija na fulana na kofia, muulize hayo manne, wa chama chetu akiwemo. Akibabaika, mrudishie fulana yake.

Lakini madai peke yake hayatamwokoa mtu usiku wa leo. Kwa hiyo na wewe una kazi. Mtu akipinda uso ghafla, mkono mmoja ukaanguka anapoambiwa anyanyue yote miwili, au maneno yakawa ya ulevi naye hajanywa, tazama saa. Kumbuka ni lini alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa maana daktari atakuuliza hilo kabla ya jina lake. Usimpe chakula wala maji. Usimpe aspirini, kwa sababu hujui kama kaziba au kapasuka. Akiwa hajitambui, mlaze ubavu. Kamata bajaji, teksi, gari la jirani, chochote chenye magurudumu, umpeleke hospitali yenye CT-Scan, siyo kwa mganga, siyo duka la dawa, siyo kesho asubuhi. Ijueni leo hospitali hiyo ni ipi kwa mtaa wenu, na usiku mlango wake upi uko wazi.

Na wewe mwenyewe kapime presha wiki hii. Haiumi, haina dalili, na ndiyo mshitakiwa namba moja. Ikizidi 140 kwa 90 rudi upimwe tena, na ukipewa vidonge usiviache kwa kuwa unajisikia fiti. Sigara nayo itupeni, kiwanda kitatafuta wateja wengine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kiharusi kikimwacha mtu hai humuumbua kila siku mbele ya wanawe.

Sasa maswali, na wa mwisho kuuliza atuambie zahanati ya kata yake ina kipimo cha presha au haina.