Faida ya Watu Wasiokuwapo



Mwaka mmoja, katika chuo cha walimu nilikokuwa nikifundisha, tulikuwa tukisoma Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson iliyopigwa chapa mwaka 1929. Kijana mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, msomaji hupata furaha, na mwuza vitabu hupata fedha. Lakini mtu anayekesha usiku akitunga habari za watu wasiokuwapo, yeye hupata nini? Je, si sawa na mtu anayelima shamba katika ndoto?" Wenzake wakacheka. Nami nikamjibu upesi, kama tufanyavyo walimu tukikosa jibu, ya kwamba mtungaji hupata sifa. Jibu lile lilikuwa duni, na limenisumbua tangu siku ile. Jioni hii nataka kumjibu tena, kama yuko mahali anasikiliza.

Kwanza nitasema habari za mtungaji wa kitabu kile kile. Robert Louis Stevenson alikuwa mtu wa Uskoti, mgonjwa tangu utoto wake. Mwaka 1881 alikuwa na umri wa miaka 30, ana mke na mtoto wa kambo, na kalamu yake ilikuwa haijaweza kumlisha. Mara nyingi alikuwa amejaribu kuandika hadithi ndefu, na kila mara alikwama njiani. Mwezi wa Agosti mwaka ule walikaa Braemar, katika milima ya Uskoti, na mvua ikawafungia nyumbani. Mtoto yule alikuwa akijifurahisha kwa kuchora picha na kuzitia rangi. Stevenson akaketi naye, akachora ramani ya kisiwa. Hakuwa na hadithi yo yote moyoni. Alichora bandari, vilima na misitu. Na alipokuwa akiitazama ramani yake, watu wakaanza kumtokea kati ya miti ile, wakipita huku na huku, wakipigana na kutafuta hazina. Basi akatwaa karatasi akaanza kuandika, na kwa muda wa siku 15 akaandika sura moja kila siku. Angalieni, nchi ilitangulia, watu wakafuata.

Jambo ninalolipenda zaidi ni habari ya baba yake. Mzee Thomas Stevenson alikuwa mjenzi wa minara ya taa za baharini. Mwaka 1873 yeye na mwanawe waligombana vikali kwa ajili ya dini, kwa kuwa kijana alikiri ya kwamba haiamini tena imani ya wazee wake. Walakini hadithi ile ilipokuwa ikisomwa kwa sauti nyumbani, mzee alivutwa nayo kama mtoto. Ilipohitajiwa orodha ya vitu vilivyokuwamo katika sanduku la baharia Billy Bones, alitumia sehemu kubwa ya siku akiiandika kwa mkono wake nyuma ya bahasha, na mwanawe akaifuata. Sisemi ya kwamba sanduku la kubuni liliwapatanisha. Nasema tu ya kwamba baba na mwana walioshindwa kukubaliana juu ya mambo ya mbinguni walipata kisiwa walichoweza kukaa wote wawili.

Tena yuko John Silver, haramia mwenye mguu mmoja. Stevenson alikuwa na rafiki mpenzi, William Ernest Henley, mshairi, ambaye alikatwa mguu kwa ajili ya maradhi. Alimchukua rafiki huyu, akamvua tabia zake zilizo bora, akambakizia nguvu, ushujaa, wepesi na uchangamfu. Ndipo akapatikana mwovu ambaye msomaji humwogopa na kumpenda pamoja. Baada ya sura 15 maneno yalimkauka kabisa. Akaimalizia hadithi Davos, katika Uswisi, alikokwenda kwa ajili ya mapafu yake, na huko tena akaandika sura moja kwa siku. Mwili ulikuwa milimani penye theluji, na mwenyewe alikuwa baharini kila siku.

Kwetu sisi tunaye Shaaban Robert, aliyefanya kazi ya ukarani katika forodha tangu mwaka 1926 hata 1944. Kusadikika, kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1951, ni habari ya nchi isiyo na mahali katika ramani, inayoelea angani. Mle yumo Karama, aliyeshitakiwa na waziri Majivuno kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria, naye anajitetea mbele ya baraza kwa maneno marefu yasiyokatizwa. Katika siku zile karani mwafrika hakupewa nafasi ya kusema hivyo mbele ya wakubwa wake. Kwa maoni yangu, mtungaji aliyempa Karama siku zile barazani alijipatia siku zile mwenyewe pia.

Mimi nililelewa na misioni, na wako wazee wetu waliotuambia ya kwamba kubuni ni ndugu wa uongo. Neno hilo lilinitia hofu miaka mingi. Lakini wazee wale wale walitufundisha habari za nabii Nathani, aliyekwenda kwa mfalme Daudi na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akasema tajiri yule anastahili kufa. Kumbe hapakuwa na tajiri wala mwana-kondoo. Aliyehukumiwa ni Daudi mwenyewe. Nilifundisha somo hilo mara nyingi bila kulifahamu. Nililifahamu siku nilipotunga hadithi yangu mwenyewe.

Ilikuwa hadithi ndogo ya kuwasomea wanafunzi mwisho wa mwaka. Ndani yake nilimtia mzee bahili, nikamwita Mzee Kufuli, kwa kuwa mkono wake haukufunguka. Nilijua vema nilikomtoa. Baba yangu alipokufa nilikuwa na miaka kumi, na baba mdogo ndiye aliyenilea. Mwaka ule ule aliiuza minazi ya marehemu. Na mwaka uliofuata alinitoa shule nikaamie ndege katika shamba la mpunga. Nilirudi shule kwa msaada wa padre, na nilipokuwa mwalimu nilikaa miaka 11 bila kukanyaga mlango wa baba mdogo. Nilimpelekea salamu za Krismasi kwa watu, basi.

Hadithi ilinishinda. Kila Kufuli alipofumbua kinywa alisema neno ovu, kisha akasimama kama gogo akingoja neno ovu jingine. Mwalimu mwenzangu akaisoma, akanirudishia akisema, "Mtu wako huyu hali, halali, wala haumwi jino. Kazi yake ni kuwa mbaya tu." Nilikasirika. Hata usiku nikaona anasema kweli, nikawasha taa, nikajiuliza: Kufuli akiisha funga mlango, na watu wamelala, anafanya nini? Nikaandika ya kwamba anahesabu fedha. Vema, bahili huhesabu fedha. Lakini anazihesabia nini? Nikamwona anazigawa mafungu juu ya mkeka: fungu la kodi, fungu la deni, fungu la mbegu. Akaweka mkono mahali pa fungu la nne, la karo ya mtoto, na pale hapakuwa na kitu. Akakaa akipatazama.

Nikaacha kuandika. Neno lile "deni" sikuwa nimelikusudia. Lilijiandika katika orodha. Ndipo nikakumbuka ya kwamba siku ya tatu ya matanga ya baba yangu mwenye duka alikuja nyumbani na daftari yake, wakasema na baba mdogo chini ya mwembe, kwa sauti ndogo, muda mrefu. Hilo sikulibuni. Nililiona kwa macho yangu, nikalisahau miaka 26, kwa sababu halikufaa katika habari niliyojisimulia. Mke wangu akaamka akauliza, "Unazungumza na nani?" Sikujua ya kuwa nilikuwa nasema.

Likizo ya Pasaka nikaenda. Nilimkuta amekaa barazani, macho yake hayaoni vema. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akajibu, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba nilitoka jana, akaamuru niletewe kiti. Tulizungumza habari za mvua. Jioni ilipoingia nikamwuliza, "Baba, lile deni la marehemu lilikuwa kiasi gani?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Nani amekuambia? Nilimwapia ndugu yangu ya kwamba wanawe hawatalijua."

Ningemjibu nini? Aliyeniambia ni Mzee Kufuli, mtu asiyekuwapo. Nikasema nimekumbuka tu. Akatikisa kichwa, akaanza kunitajia hesabu, mnazi mmoja mmoja, na bei ya kila mmoja, nami nikakaa kimya nikisikiliza mpaka taa ikaisha mafuta.

Hadithi yenyewe haikupigwa chapa. Nilimbadili mzee yule jina, kwa maana halikumfaa tena, na wanafunzi waliposomewa walicheka mahali pale pale nilipodhani watanyamaza.