TAZAMA TENA: Picha za Nyota, Mwezi Mchanga na Ukweli Wetu

(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya Taraweh, Olkaria, Naivasha)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Nimeombwa nizungumze kuhusu picha za nyota na jinsi zinavyotengenezwa kwa kompyuta. Najua yuko mzee pale nyuma anayejiuliza, huyu kijana ametoka chuo kikuu na mambo yake ya kamera, yanahusu nini na Ramadhani yetu? Naomba mnivumilie kidogo. Mwisho wa mazungumzo nitakiri kosa langu mwenyewe, na kosa hilo linahusu funga kabisa.

Mbingu ya hapa kwetu

Sisi watu wa Olkaria tuna neema ambayo hatuihesabu. Tuko kusini mwa Ikweta kwa chini ya digrii moja. Maana yake ni kwamba katika mwaka mmoja tunaziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Mtu wa Ulaya hauoni Msalaba wa Kusini, na mtu wa kusini kabisa haioni Dubu Kubwa. Sisi tunaviona vyote viwili. Suhail, nyota ambayo Waarabu waliijua jangwani na baharini, tunaiona iking'aa bila shida. Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thuraya, kinapita juu ya vichwa vyetu.

Lakini tuna mitihani yetu pia. Mtambo wa kwanza wa stima hapa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981 kwa megawati 15, na baada yake imekuja mitambo mingine mikubwa zaidi. Alhamdulillahi, inawasha taa za nchi nzima. Ila taa za mitambo zinang'arisha anga, mvuke wa visima unapanda kama mawingu, na hewa ya moto inazitikisa nyota machoni. Ongeza taa za mashamba ya maua kule ziwani. Halafu upande wa magharibi, pale tunapoutafuta mwezi mchanga, ukuta wa Mau umesimama. Kila digrii moja ambayo mlima unaimeza inatunyang'anya dakika nne hivi za kuutazama mwezi kabla haujazama.

Kwa nini picha moja haitoshi

Chukua kamera, iweke juu ya kisimamio cha miguu mitatu, elekeza kwenye kundi la nyota la Jabari, ambalo wengine huliita Orion. Miezi ya Februari na Machi utalikuta juu kabisa mara baada ya Isha. Chini ya zile nyota tatu za mshipi kuna kiwingu hafifu. Kwa macho ni kama doa tu.

Sasa ukitaka kukipiga picha, unataka kuiacha kamera wazi kwa muda mrefu ili ikusanye nuru. Lakini dunia inazunguka, digrii 15 kila saa. Ukiiacha kamera wazi kwa dakika mbili, nyota zinakuwa mistari. Ukiiacha kwa sekunde 15 kwa lenzi pana, nyota zinabaki kuwa vitone, lakini picha imejaa chenga. Wale waliotazama televisheni za zamani zenye antena wanazijua chenga. Ni vile vidoa vinavyorukaruka ambavyo si sehemu ya kipindi.

Hapo ndipo programu za kurundika picha zinapoingia. Zipo za bure. DeepSkyStacker na Siril ni kwa nyota na viwingu vya mbali, AutoStakkert na RegiStax ni kwa mwezi na sayari. Badala ya picha moja ndefu, unapiga fupi nyingi. Tuseme picha 120 za sekunde 15. Hizo ni dakika 30 za nuru. Programu inazitafuta nyota katika kila picha, inazisogeza hadi nyota ikae juu ya nyota, kisha inachukua wastani.

Siri yake ni nini? Nuru ya kiwingu ipo mahali pale pale katika kila picha. Chenga hazina mahali maalumu. Katika picha hii zimekaa huku, katika ile zimekaa kule. Ukichukua wastani, kilicho cha kweli kinabaki na chenga zinafutana zenyewe. Hesabu yake ni ya kipeuo cha pili: picha 4 zinapunguza chenga mara 2, picha 100 zinapunguza mara 10. Na ndege ikipita angani katika picha moja kati ya 120, programu inaona kwamba picha hiyo peke yake inasema jambo ambalo wenzake 119 hawalisemi, inalikataa.

Nilipokipata kiwingu cha Jabari kwa njia hiyo, wallahi nilikaa kimya mbele ya kompyuta. Rangi nyekundu, mabawa, kama ua. Nuru ile iliondoka huko takriban miaka 1,300 iliyopita, karibu na zama za matabiina, ndiyo kwanza inafika hapa Olkaria. Nikaikumbuka Suratul Mulk, pale tunapoamrishwa tuitazame mbingu, kisha turudishe macho tena, na tena, kama tutaona kasoro yoyote. Nilikuwa nimeisoma madrasa tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kuwa kuna kazi ambayo yote ni kurudisha macho.

Na tusidhani haya ni mambo ya wageni tu. Abdurrahman as-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, na ndani yake akakitaja kiwingu kidogo ambacho leo tunajua ni kundi zima la nyota, Andromeda. Hakuwa na darubini wala kamera. Alikuwa na macho, subira na uaminifu wa kuandika alichokiona tu.

Kosa langu

Sasa nikiri. Ilikuwa jioni ya tarehe 29 Shaaban, mwaka mmoja uliopita. Mimi na wenzangu wawili tulipanda kilimani na kamera na darubini ya kuazima. Jua lilizama nyuma ya Mau, anga lilikuwa na ukungu, tukatazama kwa macho hadi yakatutoka machozi. Hatukuona kitu. Lakini nilikuwa nimepiga picha 200.

Nikarudi nyumbani nikazirundika. Kwa kuwa jioni ile hapakuwa na nyota za kulinganishia, nilizima ile sehemu ya kulinganisha, nikaziweka tu moja juu ya nyingine. Kisha nikavuta mwangaza, nikavuta tena, nikavuta tena. Na hapo, jamani, ukatokea mstari mweupe uliopinda! Moyo ulinidunda. Sikusubiri hata kunywa maji. Nikaituma picha kwenye WhatsApp ya familia: "Mwezi umeonekana Olkaria."

Picha ile ilikimbia. Kabla ya Isha ilikuwa imefika Nakuru na imerudi kwangu kutoka kwa mtu nisiyemjua. Mama yangu mdogo aliinua watoto wake kula daku. Ndugu yake, ambaye ni mjomba wangu, akakataa, akasema atasubiri tangazo la Kadhi Mkuu. Wakabishana kwa simu usiku kucha. Tangazo likaja kwamba mwezi haukuandama, tukamilishe siku 30. Mama mdogo akasema, "Lakini mtoto wetu ana picha!" Akafunga siku ya shaka kwa sababu yangu mimi.

Siku ya pili nikampelekea ustadh wangu picha ile. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza swali moja: "Mwanangu, huu mwezi uliuona, au uliutengeneza?"

Nikaenda kuichunguza upya. Kwanza, tumbo la mwezi mchanga siku zote huelekea jua, na pembe zake hulipa jua mgongo. Hapa kwetu mara nyingi mwezi mchanga hulala kama dau. Wangu ulikuwa umepinduka kama dau lililozama, pembe zikitazama kule lilikozamia jua. Pili, nikapiga picha ya ukuta mweupe mchana kwa kamera ile ile. Mstari ulikuwepo! Mahali pale pale. Ulikuwa ukingo wa kivuli cha vumbi ndani ya kamera.

Mutawatir na ahad

Hebu tuelewe kilichotokea, maana kina faida kubwa. Nimesema chenga zinafutana kwa sababu hazikubaliani. Lakini vumbi lilikuwa mahali pale pale katika picha zote 200. Programu haijui vumbi ni nini. Iliona jambo linalorudiwa mara 200, ikalipa nguvu. Na mwezi wa kweli, hata kama ungekuwepo, ungekuwa unateremka kila dakika, na kwa kuwa nilizima kulinganisha, ungefutika wenyewe. Yaani nilitengeneza mtego wa kufuta ukweli na kuhifadhi uchafu.

Madrasa tulifundishwa kwamba hadithi mutawatir ni ile iliyopokewa na watu wengi kiasi kwamba haiwezekani wakakubaliana juu ya uongo. Lakini sharti lake ni wingi huo uwe katika kila tabaka ya isnadi, tangu mwanzo. Watu 200 wakisimulia jambo, na wote wamelichukua kwa mtu mmoja, hiyo bado ni ahad. Wingi wa chini hautibu upweke wa juu. Picha zangu 200 zilikuwa na mpokezi mmoja, naye ni vumbi. Na watu waliotumiana picha ile kwenye simu walikuwa hivyo hivyo. Mia wameituma, aliyeshuhudia ni mmoja, na huyo mmoja hakushuhudia kitu.

Wapiga picha wenye uzoefu wanalijua hili. Ndiyo maana kabla ya kurundika wanapiga picha za aina mbili za ziada. Moja ni picha za giza, lenzi ikiwa imefunikwa, ili kuzijua kasoro za kamera yenyewe. Nyingine ni picha za mwanga sawasawa, kama ule ukuta wangu mweupe, ili kulijua vumbi. Programu inaziondoa kasoro hizo kwanza, ndipo inarundika. Kwa maneno mengine, unaikagua nafsi ya kamera kabla ya kuamini inachosema. Wanachuoni wa hadithi waliwakagua wapokezi kwanza vivyo hivyo, mmoja mmoja.

Je, kamera iutafute mwezi?

Mimi si mufti, na mambo ya mwandamo yana wenyewe. Wanachuoni wamehitilafiana kuhusu darubini, kuhusu hesabu, kuhusu mwezi wa nchi moja na nchi nyingine. Nitasema tu ninachokijua upande wa kamera.

Tarehe 8 Julai 2013, mpiga picha Mfaransa, Thierry Legault, aliupiga picha mwezi mchanga mchana kweupe, saa ile ile ya kuzaliwa kwake, ukiwa karibu digrii nne na nusu tu kutoka kwenye jua. Ulikuwa ndio mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1434 Hijria. Macho ya binadamu hayawezi kabisa. Tangu miaka ya 1930 mtaalamu André Danjon alieleza kwamba chini ya digrii 7 hivi mwezi hauonekani. Huko Abu Dhabi pia, kituo cha Al Khatm hupiga mwezi mchanga mchana na kurundika picha nyingi ili mstari wake utokeze.

Kwa hiyo kamera inaweza kuona kile ambacho jicho halikioni. Lakini hapo ndipo swali la ustadh linaposimama. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tufunge kwa kuuona na tufungue kwa kuuona, na tukifunikwa na mawingu tukamilishe idadi. Picha iliyorundikwa inafaa kutuonyesha wapi pa kutazama, na inafaa kwa elimu. Ama kuigeuza kuwa ushahidi wa watu wote, hilo si la kijana mwenye kompyuta ndogo na haraka ya moyo. Leo hata simu nyingine zinautambua mwezi na kuupamba kwa zilichofundishwa, si kwa kilichoingia kwenye lenzi. Tuwe macho.

Nasaha yangu

Vijana wenzangu, jifunzeni kazi hii. Haihitaji darubini ya bei kubwa. Kamera ya kuazima, kisimamio, kompyuta ya kawaida na usiku mmoja mbali na taa za mitambo. Nendeni kwa kikundi na mzazi ajue mlipo, maana hapa kwetu nyati na fisi nao wako zamu usiku. Ila jiwekeeni sharti: kila picha unayoionyesha, sema umepiga ngapi, umeondoa nini, umevuta nini. Hiyo ndiyo isnadi yako.

Na kuhusu mwezi, tusitume. Tumpelekee aliyekabidhiwa jambo hilo, basi.

Mimi nilimwendea mama mdogo na mjomba, nikawaomba radhi ana kwa ana. Niliandika pia masahihisho kwenye WhatsApp. Picha ya uongo ilifika Nakuru kabla ya Isha. Masahihisho yangu, mpaka leo, hakuna aliyenirudishia kutoka mbali. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwezi Mungu alioutia nuru haukuhitaji msaada wangu. Usiku uliofuata ulikuwa juu ya Mau, umelala kama dau, mtoto mdogo aliyekuwa amebebwa akaunyooshea kidole.

Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu, atupe macho ya kutazama mara mbili na ulimi unaosema mara moja. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.