Mtoto Akiharisha na Maji Yamekupwa

Leo nazungumza hasa na nyinyi ambao barabara yenu ni bahari: mlioko Faza, Siyu, Kizingitini, Ndau na Kiwayu, ambao mtoto akizidiwa hamna budi kupanda boti hadi Lamu.

Mnajua wenyewe kwamba njia ya Mkanda hungoja maji. Yakikupwa, chombo hukwama, na toka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Tena kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa saa tano kasoro dakika kumi hivi. Lakini mtoto anayeharisha hapotezi maji mwilini kwa kufuata saa za bahari.

Nilipokuwa nikisafiri na sanduku la baridi la chanjo, nilikaa gatini na mama mmoja aliyempakata mtoto wa miezi minane. Mtoto alikuwa ameharisha tangu usiku, na mama hakuwa amemnyonyesha tangu alfajiri. Kwa nini? Aliambiwa mtoto akishiba atatapika chomboni. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na nilipoifinya ngozi ya tumbo, haikurudi upesi. Tulianza kumpa maji ya ORS kwa kijiko pale pale gatini, kabla ya boti kutia nanga. Alifika hospitali akilia kwa sauti, na kilio kile kilinifurahisha.

Kwa hivyo mama, matibabu huanza nyumbani, si ng'ambo. Weka pakiti mbili tatu za ORS ndani ya nyumba daima. Soma kiasi cha maji kwenye pakiti, kwani ziko za nusu lita na ziko za lita moja. Changanya pakiti yote, usigawe. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai. Chukua ya jabia, uyachemshe, yapoe. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Ziwa usimnyime hata kidogo, nchi kavu wala majini. Na tembe za zinki ulizopewa zahanati ziendelee hadi siku zitimie, hata kama kuhara kumekoma.

Usingoje boti ya kawaida mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akilegea asiamke vizuri, au ukiona damu katika choo chake. Nenda zahanati iliyo karibu mara moja. Muuguzi ataanza kumtibu na kupiga simu ng'ambo wakati jamaa wanatafuta chombo.

Chomboni, keti katikati, si omoni ambako mawimbi hupiga. Wakati wa kusi mtoto mchanga hulowa upesi na kupata baridi; mweke kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike leso kavu na nailoni juu ya mgongo wake, uso ukiwa wazi. Jaketi la kujiokoa la mtu mzima halimfai mtoto, humponyoka kichwani. Muulize nahodha la mtoto kabla hujalipa nauli. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka. Najua ni vigumu kusema hivyo mbele ya watu, lakini sema.

Na wewe mja mzito, hesabu zako ni nyingine. Ukiwa na mapacha, au uliwahi kupasuliwa, au ulitokwa na damu nyingi uzazi uliopita, zungumza na muuguzi mapema ili uhamie kwa jamaa karibu na hospitali wiki chache kabla ya siku zako. Kaa na mume na mama mkwe mkubaliane sasa: boti ya nani, mafuta ya nani, nani atabaki na watoto. Fedha ziwekwe kando. Kuumwa sana na kichwa, kuona kizunguzungu machoni, kutokwa na damu au kuvunja chupa kabla ya wakati, hayo hayangoji bamvua.

Kijitabu cha kliniki kifunge ndani ya nailoni kisilowe, ukitie mkobani leo hii.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Kwaherini.