Hesabu Saa Zako, Kamanda

(Maneno niliyoyasema kwenye semina ya ujasiriamali ya vijana wetu, Arusha. Wengi mliomba niyaweke hapa.)



Mwenyekiti ameniita nizungumzie shanga. Najua wapo wanaosema moyoni, "Tumekuja kujadili nchi, huyu anatuletea hereni." Vumilieni kidogo, nchi itakuja yenyewe.

Bangili yangu ya kwanza nilimtengenezea mama, zawadi ya Krismasi. Nilitumia uzi wa nailoni, sindano nyembamba na shanga nyekundu, nyeupe na bluu. Mama akaivaa kanisani, na Jumapili iliyofuata nikawa na oda tatu. Nikapiga picha karibu na dirisha, mwanga wa asubuhi, nikaweka WhatsApp na Instagram. Biashara ikaanza hivyo, bila mtaji wa maana.

Sasa sikilizeni kosa langu. Bangili moja nilikuwa nauza 6,000. Shanga, uzi na kishikizo vilikula 3,500. Bando na nauli ya kwenda kutuma mzigo kwa basi, weka 500. Nikabaki na 2,000, nikajiona tajiri! Siku moja nikatazama saa: bangili moja ilinichukua saa nne. Yaani nilikuwa najilipa shilingi 500 kwa saa. Ningekuwa tajiri anayemlipa binti wa watu hivyo, ninyi mngenishika shati.

Nikapandisha hadi 10,000. Katika wateja watano, watatu wakakimbia. Niliumia, siwadanganyi. Lakini pigeni hesabu. Wale watano wa 6,000 walikuwa wananiachia 10,000 kwa saa 20 za kazi. Wawili waliobaki wananiachia 12,000 kwa saa nane. Zile saa 12 zilizobaki nikajifunza vidani na vikuku vya maharusi, maana watu wa send-off hawakwepi bei kama kazi ni safi.

Jamani, zile shanga ndogo za kioo tunazozipenda, nyingi zinatoka Jamhuri ya Czech. Za bei nafuu zinatoka China, na hizo zichague vizuri, maana zikipishana ukubwa, mstari unapinda. Uzi tunanunua, simu tunanunua, bando tunanunua. Kwenye bangili ile kilicho chako wewe ni mkono wako na saa zako. Usipohesabu saa, umegawa bure kitu pekee kilichokuwa chako.

Na usiandike "bei njoo inbox". Andika bei wazi, pima mkono wa mteja kwa sentimita, pokea malipo kabla ya kutuma. Mtu akikwambia "nipunguzie", mpunguzie shanga: mtengenezee nyembamba zaidi. Saa zako usizipunguze.

Sasa nchi imefika. Mnakumbuka Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza? Ilifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Sisi tunaolipwa kwa simu tuliisikia kwenye mifupa. Tulipiga kelele, na mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30. Tulikuwa na haki ya kupiga kelele, kwa sababu aliyeipanga hakuhesabu saa zilizoko nyuma ya kila muamala.

Lakini leo nitasema na la kwetu, mnisamehe. Mwaka jana viongozi wa tawi langu waliniomba bangili 30 za rangi za chama, za kuwapa wageni. Wakanipa 120,000 ya vifaa. Nikauliza, na ufundi? Wakacheka: "Kamanda, si unachangia chama chako!" Nikanyamaza, nikakesha. Saa 120. Kwa bei yangu ya 1,500 kwa saa, hiyo ni 180,000, na oda mbili za harusi zikanipita. Wiki hiyohiyo tulikuwa jukwaani tunadai kima cha chini cha mshahara.

Mnacheka, lakini wengine mmeinama. Yupo hapa aliyetengeneza mabango bure. Yupo aliyepiga picha mkutano mzima akarudi nyumbani kwa miguu. Zawadi ni kitu unachokitoa mwenyewe kwa moyo, kama ile ya mama. Ukianza kudaiwa, hiyo si zawadi tena, ni tozo. Na kijana aliyezoea kufanyishwa kazi bure na wenzake, siku ya uchaguzi akija mtu na fulana na kilo mbili za sukari, ataona huyo angalau amemlipa.

Kwa hiyo naomba mawili. Moja, tujisajili vikundi, tukaombe mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne ni za vijana, nne za wanawake na mbili za watu wenye ulemavu. Ni kodi yetu, haina kadi ya chama. Msiogope kwenda.

Mbili, kuanzia leo kila tawi likimtaka fundi wake, liandike vifaa na saa, vyote viwili. Kama hela hakuna, semeni hakuna, na fundi aamue mwenyewe kama anatoa zawadi.

Mwenyekiti, ile hesabu ya 180,000 nimekuja nayo. Sikudai. Nataka tu uisome.